Maswali ya Wasomaji: Kuichimba Marko 5 Kabla ya Jumapili

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaosimama madhabahuni bila kuwa na muda wa mwenye kazi hiyo tu: wainjilisti wa mitaa, makatekista, viongozi wa umoja wa akina mama na vijana wa vyuoni. Kadhaa wametaja Marko sura ya 5, nasi tumeona tuitumie hiyo moja kwa majibu yote. Anayehubiri sura nyingine atafuata njia ileile.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa, Chamwino. Mchana niko shambani. Jumamosi usiku ndipo nafungua Biblia, nasoma sura mara mbili, napata mstari mmoja unaonigusa, kisha nahubiri. Wazee wa kanisa wananiambia kwa upole kwamba naanza na Marko, naishia Ufunuo. Nifanyeje ili nikae ndani ya sura?

Mwinjilisti, wazee wako wamekusaidia. Mhubiri hukimbilia Ufunuo kwa sababu hajaona cha kutosha pale alipoanzia. Jumamosi usiku sura haijapata nafasi ya kusema, kwa hiyo unaijazia kwa mistari unayoikumbuka kichwani. Dawa yake ni kuanza Jumatatu, kila jioni dakika 40 hivi. Hata msimu wa palizi dakika hizo zinapatikana.

Jumatatu usisome sura ya 5 peke yake. Anzia 4:35, Yesu anapotuliza dhoruba, uende mpaka 6:6, watu wa Nazareti wanapomkataa. Marko hakuandika sura wala mistari. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na Robert Estienne mwaka 1551. Namba hizo ni za kutafutia ukurasa, hazikuwekwa ili zikukatie habari. Soma kwa sauti, mara tatu. Ukisoma kimyakimya jicho linaruka yale liliyoyazoea.

Jumanne na Jumatano nakili mistari yote 43 kwa mkono kwenye kaunta buku, ukiacha theluthi ya ukurasa wazi upande wa kulia. Kama Biblia yako ina vichwa vya habari vya herufi nene, usivinakili. Vimewekwa na wachapaji na vinakuamulia habari inahusu nini kabla hujaiona. Kunakili kunachosha, tunajua, lakini mkono ukienda taratibu ndipo unagundua neno limerudi.

Hebu tuone linalorudi hapa. Katika Union Version, ile Biblia ya Kiswahili ya siku nyingi, pigia mstari kila penye *kumsihi*. Utalikuta kwenye mstari wa 10, 12, 17, 18 na 23. Sasa, pembeni kulia, andika nani anasihi, anaomba nini, na anapewa nini. Pepo wanasihi wasitolewe nje ya nchi ile, kisha wanasihi waingie katika nguruwe: wanaruhusiwa. Wenyeji wanamsihi aondoke mipakani mwao: anapanda chomboni. Yairo, mkuu wa sinagogi, anasihi kwa ajili ya binti yake: Yesu anafuatana naye. Yule mwenye pepo aliyeponywa anasihi awe pamoja naye, ombi zuri kuliko yote, na huyo ndiye pekee anayekataliwa! Anaambiwa aende nyumbani kwa watu wa kwao akawahubiri mambo makuu aliyotendewa. Na yule mwanamke mwenye kutokwa na damu hasihi kabisa. Anapenya kwa nyuma na kugusa.

Umeshapata mahubiri hapo, na hujafungua kitabu kingine chochote.

Endelea. Fuatilia hofu: wenyeji wanaogopa (15), mwanamke anaogopa na kutetemeka (33), Yairo anaambiwa "Usiogope, amini tu" (36). Fuatilia walioanguka au kusujudu mbele ya Yesu: mwenye pepo (6), mkuu wa sinagogi (22), mwanamke (33). Fuatilia miaka 12, ambayo ni miaka ya ugonjwa wa mwanamke na pia umri wa binti. Fuatilia na idadi ya watu. Ufukweni ni mkutano mkubwa, njiani wanamsonga, mlangoni wanabaki wanafunzi watatu na wazazi, na ndani ya chumba, ukimhesabu binti na Yesu mwenyewe, ni watu saba. Maswali yasiyo na jibu yaandike vilevile. Kwa mfano, kwa nini wa kwanza anaambiwa atangaze (19) na wazazi wanaambiwa mtu asijue (43)? Usiharakishe kulijibu. Swali la namna hiyo ndilo linalokufanya usome tena.

Alhamisi ni siku ya marejeo. Kwanza Torati: Walawi 15:25-27 juu ya mwanamke anayetokwa damu siku nyingi, Hesabu 19:11 na 16 juu ya kugusa maiti na kaburi, Walawi 11:7 juu ya nguruwe. Utaona sura nzima inapita kwenye vitu vinavyotia unajisi, na kila mahali Yesu yupo karibu navyo. Hapa ndipo wengi wanateleza. Utasikia mhubiri akisema mwanamke yule angepigwa mawe kwa kuingia kwenye umati. Walawi 15 haisemi hivyo. Inasema aliyegusa alichokilalia au kukikalia afue nguo, aoge, naye atakuwa najisi hata jioni. Ukitia mawe ambayo hayapo, anayesoma Biblia yake vizuri atakuacha hapohapo.

Kisha linganisha na Injili nyingine: Mathayo 8:28-34 na 9:18-26, na Luka 8:26-56. Mathayo anaisimulia habari yote kwa mistari 16, Luka kwa 31, Marko kwa 43. Unatafuta kile ambacho Marko peke yake amekitunza: kwamba mtu yule alijikatakata kwa mawe, kwamba nguruwe walikuwa kama 2,000, kwamba hali ya mwanamke ilizidi kuwa mbaya mikononi mwa matabibu. Hayo ndiyo aliyotaka uyaone. Kinyume chake pia ni kweli: pindo la vazi liko kwa Mathayo na Luka, Marko anasema vazi tu. Ukihubiri kutoka Marko, hubiri vazi.

Kitabu cha ufafanuzi na itifaki ya Biblia (kile kinachoorodhesha maneno na mistari yalipo) vifungue baada ya hapo. Ukianza navyo utarudia mawazo ya mwandishi na kuyaita ufunuo.

Ijumaa andika sentensi moja inayobeba mahubiri yote. Mfano: "Waliomfukuza Yesu walipewa walichotaka, aliyempenda alinyimwa, kwa sababu alikuwa na kazi naye nyumbani." Lolote kwenye kaunta buku lisiloitumikia sentensi hiyo libaki humo. Inauma, hasa ukiwa umegundua jambo zuri. Usijaribu pia kuhubiri mistari yote 43 kwa mara moja. Chukua 1-20 Jumapili hii na 21-43 ijayo. Jumamosi yako sasa ni ya kusimama na kuyasema yote kwa sauti, saa ikiwa mbele yako.

Huku Kongwa watu ni wafugaji. Nilipohubiri habari ya nguruwe 2,000, mzee mmoja aliniuliza baada ya ibada: mwenye mali alilipwa na nani? Sikuwa na jibu. Ningesema nini?

Ungemwambia kwamba Marko hasemi. Halafu ungemwomba mzee akae nawe, maana ameuliza swali ambalo wenyeji wa pale waliliuliza kabla yake.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wenye nguruwe waliadhibiwa kwa kufuga mnyama najisi. Halikai sawa. Ng'ambo ile ni upande wa Dekapoli, eneo la miji yenye utamaduni wa Kiyunani, na wengi wa wakazi wake hawakuwa Wayahudi. Sheria ya Musa juu ya nguruwe haikuwa yao. Wala Marko hataji adhabu yoyote.

Anachotaja ni hiki, mstari wa 16: walioshuhudia waliwaeleza watu yaliyompata mwenye pepo, *na habari za nguruwe*. Taarifa mbili zililetwa kwa pamoja. Mstari wa 17, wakaanza kumsihi aondoke. Marko hasemi wazi ni taarifa ipi iliyowaogopesha zaidi, na mhubiri asijifanye anajua. Lakini anaweza kuziweka mbele ya watu zote mbili, kila moja kwa uzito wake.

Uzito wa hasara usiupunguze. Mahali ambapo mifugo ndiyo mahari, ada ya shule na akiba ya mwaka wa njaa, mhubiri anayecheka kundi zima likitumbukia baharini anawaambia wasikilizaji kwamba hajui wanaishije. Sema wazi kwamba ni hasara kubwa. Ukishasema hivyo, swali la pili linapata nguvu: mtu mmoja, aliyekuwa akilia makaburini usiku na mchana, ameketi, amevaa, akili zake zimerudi, je, kijiji kimemhesabu? Ishia hapo. Na tafadhali usigeuze nguruwe kuwa shilingi. Utataja bei, nusu ya kanisa wataona umekosea, na dakika tano zinazofuata watakuwa wanapiga hesabu.

Tumsifu Yesu Kristo. Ni katekista, Kondoa. Padri hafiki kigango chetu kila Dominika, hivyo mara nyingi naongoza ibada ya Neno na kutoa tafakari. Dominika ya 13 ya Mwaka B kitabu cha masomo kinaruhusu Injili ndefu au fupi. Nichukue ipi?

Milele, amina. Chukua ndefu.

Ile fupi inachukua Marko 5:21-24, kisha inaruka hadi nusu ya pili ya mstari wa 35. Kinachoondolewa ni mwanamke mzima, na pamoja naye kinaondoka kile kinachoifanya habari ya Yairo iume. Baba ana binti mahututi. Amempata Yesu, wako njiani. Yesu anasimama na kuuliza nani amemgusa. Wanafunzi wanaona swali halina maana, umati wote unamsonga. Yeye anaendelea kuangalia huku na huku. Mwanamke anajitokeza na kueleza "kweli yote", na kweli ya miaka 12 haielezwi kwa dakika moja. Yairo amesimama pale muda wote huo. Naye Yesu akiwa bado anasema, wanafika watu kutoka nyumbani: binti amekwisha kufa. Katika Injili fupi, msiba unafika bila kucheleweshwa na mtu.

Marko ana tabia hii ya kuingiza habari moja katikati ya nyingine. Ameifanya pia 11:12-25, mtini ukiwa pande zote mbili za hekalu. Ukiikuta, tafakari yako iulize habari ya katikati inaifanyia nini ile ya nje. Hapa kuna neno linalozishona: mwanamke anaitwa "Binti" (34), na kwenye mstari unaofuata unasikia "Binti yako amekwisha kufa". Soma mistari hiyo miwili bila kupumzika kati yake, waamini watasikia wenyewe.

Ndefu inaongeza kama dakika mbili tu za kusoma. Zipunguze kwenye matangazo.

Nasoma chuo hapa Dodoma na ninaongoza kikundi cha Biblia. Wenzangu wameng'ang'ania: Mathayo anasema wenye pepo wawili, Marko mmoja. Nani amekosea?

Mathayo ana kawaida ya kutaja wawili. Angalia vipofu wa Yeriko: 20:30 ni wawili, na Marko 10:46 anamtaja Bartimayo peke yake. Marko hasemi "mmoja tu". Anamfuata mtu mmoja mpaka mwisho, kwa sababu ana neno la kumalizia kwake kwenye mstari wa 20. Kitu cha aina hiyohiyo kinatokea kwa Yairo. Kwa Mathayo 9:18 baba anasema binti amekufa tayari. Mathayo amewaondoa wajumbe wa Marko 5:35, basi habari ya kifo imelazimika kuingia kwenye maneno ya baba tangu mwanzo. Anafupisha.

Hilo ni somo zuri la kikundi, lenye karatasi mbili mezani na kalamu. Kwenye mahubiri halina kazi, isipokuwa ukijua kuna mtu linamsumbua kweli. Mahubiri yanayotumia dakika kumi kuilinda Biblia dhidi ya swali ambalo hakuna aliyeliuliza humwachia msikilizaji shaka ambayo hakuwa nayo.

Mchungaji, nikimfananisha yule wa makaburini na mtu aliyepelekwa Mirembe, watu wataelewa haraka?

Wataelewa na watacheka, na ndiyo sababu usifanye hivyo. Mirembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili, na kwenye benchi zako kuna mtu mwenye ndugu anayetibiwa huko, au yeye mwenyewe anameza dawa kila jioni. Neno hilo mtaani limekuwa la kutania. Likitoka madhabahuni litamfanya mtu huyo afiche dawa zake. Usiseme pia kwamba kila ugonjwa wa akili ni pepo. Mathayo 4:24 anawataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza kila kundi kwa jina lake. Yasome polepole maelezo ya Marko ya mistari 3 hadi 5, pingu zilizokatika, kilio, mawe. Hayahitaji mfano.

Mimi ni mama kiongozi wa umoja wa akina mama, Mpwapwa. Nimepangiwa kuhubiri Siku ya Wanawake juu ya mwanamke aliyetokwa na damu. Wababa na wazee watakuwepo. Nitaongeaje bila kuvunja heshima, na bila kumwambia mtu aache hospitali?

Mama, Biblia imekwisha kukuchagulia maneno. "Kutokwa na damu muda wa miaka kumi na miwili" yanatosha, na yatasomwa mbele ya wababa kabla hujafungua mdomo. Usiongeze maelezo ya mwili, na usipunguze ukaishia "ugonjwa fulani", maana wanawake waliokuja siku ile watajua umeogopa. Litaje mara moja, kwa sauti ya kawaida, kisha uhamie kwenye yale ambayo Marko anayasisitiza: muda, fedha zilizokwisha, na kuja kwa nyuma.

Kuhusu matabibu, kuwa makini sana. Marko anasema aliteswa mengi na matabibu wengi, akamaliza vyote alivyokuwa navyo, asipate nafuu. Hiyo ni hali ya mwanamke yule. Haijawa amri kwa wagonjwa wa leo, na Wakolosai 4:14 inamwita Luka tabibu mpendwa. Sema wazi, kwa sentensi moja: mwenye tatizo hili aende hospitali, na anayetumia dawa asiache. Isome sentensi hiyo kutoka kwenye karatasi, usiiache kichwani. Tatizo hutokea dakika ya mwisho, joto la mahubiri likipanda na mtu akasema "matabibu walishindwa, Yesu akaweza!" Kuna atakayerudi nyumbani na kuvitupa vidonge.

Mahali pa kukaa zaidi ni mstari wa 30 hadi 34. Alikwisha kupona mstari wa 29. Angeweza kuondoka. Kwa nini Yesu anamtafuta? Tazama anavyomaliza: mwanamke aliyekuja kwa siri anaitwa Binti mbele ya umati, na anaambiwa aende kwa amani. Kwa Siku ya Wanawake, hayo yanatosha dakika 15.

Mvumi: ibada yetu hutafsiriwa kwa Cigogo kwa ajili ya wazee. Mahubiri yangu ya nusu saa yanakuwa saa nzima. Nifupishe vipi?

Fupisha kabla ya Jumapili, usifupishie pale mbele. Kwa Kiswahili cha mahubiri, mtu husema kama maneno 100 kwa dakika. Nusu saa yenye mkalimani ni dakika 15 zako, yaani maneno 1,500, kurasa tano au sita za daftari kwa mwandiko wa kawaida. Hoja moja, mfano mmoja.

Mkutane na mkalimani Jumamosi, nusu saa inatosha. Mpe orodha ya mistari utakayoinukuu, naye aitafute katika Biblia ya Cigogo na kuweka alama. Siku yenyewe wewe unasoma, naye anasoma kutoka humo. Akitafsiri Maandiko papo kwa papo, wazee wanaoijua mistari yao kwa moyo watasikia tofauti na kuanza kunong'onezana. Mwonyeshe na mstari wa 41 mapema: "Talitha, kumi" ni Kiaramu, na mkalimani asiyetahadharishwa anaweza kumhesabia binti kumi ya kwetu, mbele ya watu walioambiwa ana miaka 12.

Sema sentensi ya pumzi moja, yenye maana kamili, kisha nyamaza. Ukikata katikati, kwa mfano "Yesu hakumruhusu yule mtu…", naye anabaki ameshika nusu, atabuni nusu nyingine. Methali za Kiswahili ziache. Zile za Cigogo mwachie yeye aseme, baada ya kukuambia Jumamosi anakusudia kusema ipi. Na mpe kipaza sauti chake. Kupokezana kimoja kunakula dakika nne au tano za ibada.